Chini ya Kiti cha Nyuma

Mimi ni fundi wa magari mjini Embu, na nina mdomo. Mteja akiniletea gari akisema fundi fulani amemwambia pampu ya petroli imekufa, swali langu la kwanza huwa lile lile: alipima au alikisia? Nimewahi kumfokea mzee mwenye wajukuu mbele ya wateja wake kwa sababu alibadilisha pampu nzima, kumbe shida ilikuwa fyuzi ndogo ya ukubwa wa punje ya hindi. Sikumwonea huruma hata kidogo. Kutopima nilikuona ni uvivu, na mvivu hafai kushika gari la mtu.

Nayasema haya mapema ili ujue ni mtu wa aina gani aliyesimama kando ya barabara siku ile, kati ya Chuka na Runyenjes, spana mkononi, jasho la baridi likimtiririka mgongoni saa sita mchana.

Asubuhi hiyo nilikuwa Meru, nilikokwenda kutafuta gia boksi ya mteja. Saa mbili na nusu mke wangu akanipigia simu. Yeye ni mwalimu huku Embu, na si mtu wa kupaza sauti, lakini siku hiyo sauti ilikuwa imepanda. Mama yake, anayeishi Kanyakine, alikuwa ameamka na jicho jekundu, gumu kama jiwe, linamuuma hadi anatapika. Usiku uliotangulia aliona pete za rangi zikiizunguka taa. Akanyamaza. Alidhani ni uchovu wa shamba.

Hilo ndilo lilikuwa jicho lake pekee. La kushoto lilichomwa na bua la mahindi zamani, kabla sijamjua binti yake, na halikuona tena.

Mke wangu alikuwa tayari ameongea na daktari wa macho anayekuja Embu mara moja kwa wiki, na bahati ilikuwa siku yake. Daktari alisema dalili hizo ni za presha ya jicho, na kwamba presha ya namna hiyo haingoji mtu. Kila saa inayopita inakula mshipa wa kuonea. Yeye angekuwepo hadi saa nane.

"Baba watoto, wewe ndiye uko karibu," mke wangu aliniambia. "Mlete mama. Tafadhali mlete akiwa bado anaona."

Nikaiacha gia boksi palepale kwenye kaunta.

Sasa, kabla sijafika Kanyakine, kuna jambo lazima nilieleze, maana bila hilo utaniona mwendawazimu. Huku kwetu mtu na mama mkwe wake huheshimiana kwa kukaa mbali. Si chuki. Hawashikani mikono, hawali meza moja, hawapishani mlangoni. Wakikutana kwenye njia nyembamba mmoja anaingia shambani mpaka mwenzake apite. Vijana wa siku hizi wameyaacha hayo. Utawaona kwenye harusi wamekumbatiana na mama wakwe wakipigwa picha. Lakini mama mkwe wangu alikuwa wa kale kabisa. Miaka kumi na miwili ya ndoa, na sikuwa nimewahi kuugusa mkono wake wala kuangaliana naye usoni. Nikienda kwake alinisalimia kutoka mlango wa jikoni akitazama chini, na akitaka kuniuliza kitu alikipitisha kwa mtu mwingine. "Mwulize kama watoto hawajambo." Nami nilimjibu huyo mtu: "Mwambie hawajambo." Siku moja hapakuwa na mtu kabisa, akamwuliza paka. Nami, mtu mzima na akili zangu, nikamjibu paka.

Garajini nilikuwa nikijigamba kwamba mambo hayo yamepitwa na wakati. Lakini nikifika Kanyakine miguu yangu ilijua yenyewe pa kusimama.

Nilimkuta amekwisha kuandaliwa. Jirani yake, mama mmoja mnene mchangamfu wa kikundi chao cha kanisa, alijitolea kutusindikiza, na moyoni nikamshukuru Mungu, kwa sababu bila yeye sijui tungesemezana vipi. Alimshika mama mkwe mkono, akamlaza kwenye kiti cha nyuma cha stesheni wagoni yangu, akamfunika blanketi na kumfunga leso juu ya macho maana mwanga ulikuwa unamuumiza. Mama mkwe alilala ubavu, shavu limegandamana na kiti. Mimi wakati huo nilikuwa nimesimama nyuma ya zizi, nikijifanya nakagua upepo wa tairi.

Tukaondoka saa nne kasorobo. Nilipiga hesabu: tukienda vizuri, saa sita kasoro tuko Embu. Jirani alikaa mbele na mimi, akawa mtu wa katikati. "Anasema usikimbize sana kwenye matuta," aliniambia. Nikapunguza. "Anasema asante." Baada ya hapo jirani akaanza hadithi za mvua na bei ya parachichi, na mama mkwe hakusema tena.

Baada ya Chuka gari lilianza kushtuka. Linavuta, linakata pumzi, linavuta tena. Nikajiambia ni petroli chafu. Nilisikia mshtuko ule mara tatu, mara nne, na badala ya kusimama nikakanyaga zaidi. Tukashuka hadi mtoni, tukavuka daraja, tukaanza kupanda upande wa pili, na katikati ya mlima injini ikazima kama taa. Nikaukata usukani, gari likajivuta hadi kando, penye kivuli chembamba cha mti wa mkadamia, nikavuta breki ya mkono. Saa yangu ilisema saa tano na dakika tano.

Nikazungusha ufunguo. Stata ilizunguka kwa nguvu, betri safi, lakini injini haikushika. Nikajaribu tena, nikaurudisha ufunguo nusu, nikatega sikio. Gari likiwa zima, ukifungua ufunguo nusu, pampu ya petroli huvuma sekunde mbili huko nyuma, sauti ndogo tu, kama mtu anayesema mmm akikubali jambo. Siku hiyo hapakuwa na mmm. Palikuwa na jirani akiomba kwa sauti, na nyuma yake mama mkwe akiguna.

"Fundi, hii gari imekataa?" jirani aliuliza.

"Dakika mbili," nikamwambia.

Nikafungua boneti. Nikatoa plagi moja, nikaigusisha na chuma, nikazungusha: moto ulikuwepo, mweupe, mzuri. Kwa hiyo umeme upo, petroli haipo. Nikalegeza bomba la petroli kwenye injini, nikazungusha tena. Halikutoka hata tone. Nikachomoa fyuzi ya pampu, nikaielekeza juani: nzima. Nikatoa rilei ya pampu, kile kisanduku kidogo kinachoiwashia umeme, nikabadilishana na ile ya honi kwa sababu zinafanana, nikajaribu. Kimya. Nikapiga honi kwa rilei ya pampu, ikalia barabara nzima ikasikia. Rilei nzima.

Yote haya hayakuchukua hata dakika ishirini, na nilikuwa najisifu kimoyomoyo kwa jinsi nilivyokuwa nafuata mstari. Kulibaki mambo mawili. La kwanza ni kuligonga tangi kwa chini, maana pampu iliyokwama wakati mwingine huamka ikigongwa. La pili, ndilo la maana zaidi, ni kuchukua taa ya kupimia na kuangalia kama umeme unafika kwenye pampu yenyewe. Taa ikiwaka na pampu hailii, pampu imekufa. Taa isipowaka, pampu ni nzima na shida ni waya. Hakuna njia nyingine ya kujua. Hilo ndilo swali ninalowapigia watu kelele kila siku.

Nikaingia chini ya gari na nyundo. Nikaukunja mkono, na papo hapo nikaona nilichokuwa nataka kufanya. Tangi liko chini ya kiti cha nyuma. Juu ya kiti cha nyuma kalala mama mkwe. Nani amewahi kumgonga mama mkwe wake kwa nyundo kutoka chini? Niligonga mara mbili, polepole, kama mtu anayebisha hodi asikotaka kufunguliwa. Bila shaka pampu haikuamka.

Na waya wa pampu, je? Katika gari lile unafikia pampu kwa njia moja tu. Unainua mto wa kiti cha nyuma, unafungua skrubu tatu za kifuniko cha duara, na unaikuta hapo.

Nilitoka chini ya gari nikasimama nikikitazama kiti kile kupitia kioo. Niliona miguu yake miwili yenye soksi za sufu, na blanketi likipanda na kushuka. Ningemwambia jirani, "Tafadhali mteremshe kidogo." Maneno matatu. Lakini kumteremsha kulitaka watu wawili. Hakuweza kusimama, kila akiinua kichwa alitapika, na jirani peke yake asingemweza. Huyo wa pili alikuwa nani, kama si mimi? Ningemshika wapi? Kiunoni? Kwapani? Nilijikuta nafuta mikono kwa kitambaa, nafuta tena, mikono ambayo haikuwa na mafuta.

"Pampu imekufa," nikamwambia jirani.

Nilishangaa kuisikia sauti yangu. Ilitoka imara kabisa, sauti ya fundi.

Jirani hakupoteza muda. Akasimamisha pikipiki, akajipandisha, akasema anakwenda Runyenjes kutafuta gari la kukodi na atarudi sasa hivi. Sikuwahi kufikiria, mpaka ile pikipiki ilipopotea kwenye kona, kwamba sasa nimebaki mimi na mama mkwe peke yetu.

Nikampigia mke wangu.

"Gari imekwama," nikasema. "Pampu ya petroli imekufa. Tafuta mtu huko Embu aje kutuchukua."

"Umepima?" akaniuliza. Amekaa na mimi miaka yote hiyo, amenisikia nikifoka.

"Nimepima."

Uongo wa namna hiyo sijui unatoka wapi. Sikuupanga. Sikuwa nimewahi kumdanganya mke wangu kuhusu gari. Ulitoka wenyewe, ukaenda Embu, na kule mwanamke akaanza kukimbia huku na huku akitafuta gari la kuja kufanya safari ambayo gari letu lingeweza kuifanya.

Saa sita ikafika. Jua likahama, kivuli cha mkadamia kikaliacha gari. Basi moja lilipunguza mwendo, dereva akaniuliza kama nataka kuvutwa, nikamwambia nina mgonjwa amelala. Akatazama abiria wake waliojaa, akatikisa kichwa, akaenda. Pikapu ya ndizi ilisimama, mwenyewe alikuwa anakata kulia baada ya kilomita moja tu. Jirani akapiga simu: mwenye gari la kukodi yuko Embu na mteja, anamngoja. Mke wangu akapiga: gari limepatikana lakini linamaliza kubadilishiwa tairi. Mimi nikazunguka gari. Nilikagua fyuzi ile ile mara ya tatu. Nilisafisha vichwa vya betri ambavyo havikuwa na uchafu. Nilifanya kazi zote zisizohitajika, nikiuzunguka mto wa kiti kile kama mtu aliyepoteza kitu na anajua kiko wapi.

Halafu nikasikia anaita maji.

Hakuniita mimi. Alisema tu, kwa Kimeru, "Maji," hewani. Nilikuwa na chupa. Nikafungua mlango wa upande wa kichwa chake, nikaiweka chupa sakafuni karibu naye, nikarudi nyuma hatua tatu kama kawaida yetu. Mkono wake ukatoka chini ya blanketi. Ukapapasa ukingo wa kiti, ukapapasa mlango, ukapita juu ya chupa bila kuigusa, ukarudi. Mimi nimesimama pale, macho yangu mawili mazima, naangalia.

"Kushoto," nikasema, nikiwa nimegeukia barabara, kana kwamba naongea na lami. "Chini kidogo. Kushoto."

Mkono ukaigonga chupa, ikaanguka nje, ikabingirika mtaroni. Maji yakamwagika yote.

Nasema kweli, nilihisi aibu hadi masikio yakavuma, na bado sikusogea. Hilo ndilo linaloninyima raha hadi leo, kwamba hata baada ya kuona mkono ule ukipapasa hewa bado miguu yangu haikusogea.

Ni yeye aliyesogea. Alijiinua kwa kiwiko, akatapika kidogo kwenye leso nyingine, akapangusa mdomo. Kisha akasema kwa Kimeru, pole pole, na safari hii hapakuwa na jirani wala paka.

"Wewe mume wa binti yangu. Hiyo kitu mbovu iko hapa chini yangu?"

Nilishtuka kama niliyeguswa na waya wa umeme. Miaka kumi na miwili, na hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu zaidi ya salamu.

"Iko hapo, mama," nikajibu.

"Basi nitoe. Mungu atatusamehe sisi wote wawili. Nitoe, jicho langu linakufa."

Nilimbeba. Nilipitisha mkono mmoja chini ya mabega yake na mwingine chini ya magoti, kama ninavyombeba mtoto aliyelala. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyotarajia. Nilimlaza kwenye majani penye kivuli, nikamwekea blanketi chini ya kichwa.

Nikang'oa mto wa kiti. Nikafungua skrubu tatu. Nikainua kifuniko, na hapo nikakaa chini kwenye sakafu ya gari.

Waya wa pampu ulikuwa umesokotwa kwa mkono na kufungwa tepu nyeusi, na tepu ilikuwa imeyeyuka kwa joto, ikaachia, na nyuzi za shaba zilikuwa zinagusana na kuachana ukizipulizia tu. Nilimjua fundi aliyeufunga. Ni mimi. Zaidi ya mwaka mmoja nyuma kiunganishi cha waya huo kiliungua asubuhi tukienda mazishi kwetu Kibugu, nikasokota waya haraka haraka, nikasema kesho nitauchomelea vizuri kwa risasi. Kesho hiyo nilikuwa na gari la mteja. Na kesho yake. Nikasahau kabisa kwamba kuna kitu cha muda kinaishi chini ya kiti changu.

Nikachukua taa ya kupimia. Ikawaka. Nikautikisa waya, ikazima. Nikazikwangua shaba zikang'aa, nikazisokota upya kwa koleo, nikazifunga. Nikafungua ufunguo nusu.

Mmm, ikasema pampu.

Ilikuwa nzima. Haikuwahi kufa. Niliangalia saa, nikaangalia tena kwa sababu sikuamini. Kazi yote, kutoka nilipoinua mto hadi pampu ilipovuma, ilichukua dakika kumi. Na ilikuwa saa saba na robo.

Nikamrudisha kitini kwa mikono yangu, na safari hii sikufikiria nimshike wapi. Niliendesha kama mwizi. Runyenjes nilimchukua jirani akiwa bado amesimama stejini na simu sikioni, akashangaa kuliona gari, akauliza, "Si ulisema pampu imekufa?" Nikamwambia apande. Saa nane kasoro dakika tano tulikuwa mlangoni mwa hospitali, mke wangu anatungoja na kiti cha magurudumu, na daktari hakuwa ameondoka.

Walimtia dawa ya matone, wakampa vidonge, wakamdunga sindano, kisha wakamwingiza ndani. Daktari alikuwa mtu mpole. Alipotoka alituambia kwamba ameishusha presha, maumivu yatapoa, lakini mshipa umeumia vibaya na haahidi kitu. Mke wangu akauliza kama tungefika mapema zaidi ingekuwaje. Daktari akasema presha ilianza usiku, kwa hiyo hakuna ajuaye. Lakini katika ugonjwa huu, akasema, hata saa moja ina uzito. Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Wiki ya kwanza mama mkwe alitofautisha dirisha na ukuta. Wiki ya tatu hakutofautisha.

Mke wangu nilimwambia yote: kiti, tepu, uongo wa simu. Nilimwambia tukiwa jikoni, amenipa mgongo, anaosha sukuma wiki. Alizima bomba. Akageuka, akasema, bila hasira hata kidogo, "Si ungenipigia tu ukaweka simu karibu na yeye? Ningemwambia mama akubali umshushe. Mimi ni mtoto wake." Kati ya njia zote nilizotafuta kwa saa mbili kuuzunguka mto ule, hiyo, iliyokuwa mfukoni mwangu, haikuwahi kunijia.

Mama hakuweza tena kukaa peke yake Kanyakine. Tulimjengea chumba kando uani kwetu, maana chini ya paa langu alisema hawezi kulala. Mimi nikaendelea na adabu zile zile. Nikitaka kupita uani nilikohoa kwanza, ili kama anataka kuingia ndani aingie. Lakini alikuwa haoni tena pa kuingilia, na kikohozi changu kilimfanya tu akae wima na kungoja nipite. Nilikuwa napita haraka.

Jumamosi moja asubuhi, mke wangu akiwa sokoni, nilikohoa, nikapita, akaniita.

"Ni wewe umesimama hapo?"

"Ni mimi, mama."

"Kuja hapa karibu." Alikuwa amekaa juani kwenye kiti cha plastiki. "Sasa mimi sikuoni. Hiyo heshima ilikuwa ya macho, na macho yameenda. Tutaogopana na nini?" Akacheka, kicheko chepesi cha kweli. Mimi sikuweza.

Nikavuta kigoda, nikakaa. Akanyoosha mkono, ukapapasa, na safari hii niliupokea kabla haujafika mbali. Akakigeuza kiganja changu, akapitisha kidole kwenye sugu.

"Nataka kukuuliza kitu ya gari," akasema. "Siku ile nikilala, chini ya sikio yangu kulikuwa na kitu inalia. Inalia sauti moja tu, kama nyuki kwa mzinga. Tukipita Chuka ikaanza kukatika. Tukigonga shimo, inanyamaza. Halafu inalia tena. Shimo, inanyamaza. Nikajua hiyo si sawa. Nilitaka kumwambia yule mama akwambie."

"Kwa nini hukumwambia, mama?"

"Wewe ni fundi. Mimi ni mwanamke wa shamba, sijui gari. Nikikutumia maneno kwa mtu ati gari yako inalia hivi, si nitakuwa nimekudharau mbele ya watu? Nikasema huyu ana masikio, atasikia."

Sauti inayokatika kwenye kila shimo na kurudi ni waya uliolegea. Hata fundi wa mwezi mmoja anajua. Pampu mbovu hailii hivyo. Angeyasema maneno yale pale Chuka, ningesimama penye kivuli palipo na watu na akina mama wa kumshika, dakika kumi, na kabla ya saa sita na nusu angekuwa mbele ya daktari. Alikuwa amepima. Yeye ndiye mtu pekee ndani ya gari lile aliyepima, akiwa amefungwa macho, na akanyamaza kwa kuniheshimu, na mimi kwa kumheshimu nikazunguka na spana.

Uso wake ulikuwa umenigeukia. Ilikuwa mara ya kwanza kuutazama kwa karibu, na niliona alikotoa mke wangu paji lake la uso.

"Niambie ukweli," akasema. "Hiyo sauti, ningekwambia, ingesaidia?"

Mkono wake ulikuwa bado juu ya wangu, umetulia, unangoja.

"Hapana, mama," nikasema. "Isingesaidia."

Akavuta pumzi ndefu, akaiachia, mabega yakashuka.

"Basi ni vizuri nilinyamaza," akasema.